Chumba Kilichopakana na Changu

Wanangu, mkijenga vyumba vya kupangisha, jengeni kuta nyembamba.

Chekeni, nawasubiri. Shabani wangu aliyeko Dar es Salaam ameshanikataza kuwaambia watu maneno haya, anasema naharibu soko. Ukuta mzuri kwake ni ule usiopitisha sauti. Haya, yeye ni msomi. Mimi nimekuwa mwenye nyumba hapa Ujiji zaidi ya miaka thelathini, nimepangisha walimu, manesi, wavuvi, mabaharia, hata mganga mmoja aliyehama bila kuniaga akaniachia kibuyu mlangoni, na hicho kibuyu nilikitilia mbegu za mchicha. Nasema nyembamba.

Mnanijia hapa barazani, mmoja ana kiwanja Bangwe, mwingine kaachiwa nyumba na baba yake, "Bibi Zaituni, tupe siri ya kazi." Siri sina. Nina makosa, na mengi nimeshawafanyia, kwa hiyo angalau hayo msiyarudie, tafuteni yenu.

Nyumba hii zamani ilikuwa kama nyumba zote za mtaa wetu. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, nyuma uani kuna jiko, choo na bomba. Kuta ziliishia kwenye lenta, juu hakuna dari, ni mapaa na bati tu. Mtu akijigeuza kitandani chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anajua. Marehemu mume wangu aliijenga tuishi, hakuijenga tupangishe. Alipoondoka, nikabaki na Shabani wa darasa la pili na vyumba vitano vinavyotoa mwangwi. Nikapangisha. Sikujua lolote. Mpangaji wangu wa kwanza nilimpa chumba kwa sababu alikuwa na viatu vinavyong'aa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Tausi, jirani yangu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa na nyumba mbili na ulimi wa pilipili. Aliponikuta nalia kwa sababu yule wa viatu katoroka na kodi yangu, alivuta mkeka akakaa. "Zaituni, viatu mtu anaazima. Akija kuhamia, mtazame ndoo. Ndoo ina mfuniko wake? Imesuguliwa? Mpe chumba. Ndoo imekatika mpini, ina ukoko wa saruji, mwambie chumba kimeshachukuliwa." Hilo nililifuata maisha yangu yote na halikuniangusha ila mara moja. La pili aliniambia, mpangaji mpya mwulize alikotoka ameagana vipi na mwenye nyumba. Sikiliza anavyomsema mwenzio, ndivyo atakavyokusema wewe. La tatu, andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hata akiwa ni ndugu yako. Akiwa ndugu yako, andikishaneni mara mbili.

La nne ndilo lililoniponza. Alinishika mkono kabisa. "Usile cha mpangaji. Usionje, usiazime chumvi, usipokee hata ndizi. Siku utakayokula chake, siku hiyo mdomo wako umefungwa. Utamwambiaje mtu kodi, na mchicha wake bado uko tumboni?"

Nikaliona ni neno la maana. Na kwa kweli lilinisaidia. Nyumba ya kupangisha, wanangu, kila siku ina kesi, na hakimu asiyedaiwa hisani na mtu anakata kesi vizuri. Nilikuwa na mwalimu mmoja akipiga pasi mpaka soksi. Mita ya umeme ni moja, luku tunachanga, halafu yeye anapiga pasi soksi! Wenzake wakaja juu. Nikaweka sheria, pasi ni Jumapili tu, saa nne mpaka saa sita, na soksi marufuku. Alininunia mwezi mzima. Lakini ningekuwa nimekula wali wake ningenyamaza, na nyumba ingekaa gizani.

Halafu kulikuwa na bwana mmoja mchuuzi wa dagaa. Huyu ndiye ambaye ndoo ilinidanganya, maana ndoo yake ilikuwa inameta kama ya bi harusi. Mvua zilipoanza, dagaa wakawa hawaanikiki tena kule Kibirizi, bwana wee, akawaingiza chumbani kwangu. Magunia mpaka kwenye lenta. Mimi nilidhani ananunua godoro jipya, kumbe analalia dagaa wabichi. Siku ya tatu paka wote wa Ujiji walikuwa juu ya bati langu. Walipita mapaani wakashuka chumba kwa chumba, nesi mmoja akaamka paka watatu wako juu ya chandarua chake wanapigana. Ile harufu ilikaa mpaka kiangazi kilichofuata. Nikaapa, mtu wa dagaa hakanyagi tena hapa.

Ndipo akaja Agripina.

Alitoka kijiji cha Mwamgongo, ameshuka na boti, Muha mrefu mwenye sauti ya taratibu, mjane kama mimi, watoto amewaacha kwa mama yake. Ndoo yake ilikuwa kuukuu ila ina mfuniko. Nikamwuliza anafanya kazi gani. Akasema ananunua dagaa Kibirizi, anaanika, anauza. Nikamwambia chumba kimeshachukuliwa. Hakuondoka. Alitabasamu akasema, "Mama Shabani, dagaa wangu wanalala Kibirizi. Mimi ndiye natafuta pa kulala." Nikacheka, na ukishacheka na mtu biashara imeisha. Nikampa chumba kilichopakana na changu.

Alikaa miaka kumi na miwili.

Kila asubuhi, kabla hajatoka kwenda mwaloni kununua dagaa, aligonga ukuta wangu mara mbili na kifundo cha kidole. "Mwakeye, Mama Shabani!" Ndivyo Waha wanavyosalimiana asubuhi. Mimi najibu, "Nimeamka!" Basi, anaenda zake. Na kila jioni akishapika, anakuja na sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kawa. Ugali wa muhogo, samaki mgebuka wa mawese, siku nyingine maharage. Anasimama mlangoni. "Karibu tule, Mama Shabani." Mimi nasema, "Asante, nimeshakula."

Uongo mtupu! Siku nyingine nilikuwa na njaa mpaka macho yanaona nyota. Harufu ya mawese inapita juu ya ukuta, inanikuta nimekaa na chai yangu na kiporo cha jana. Majirani walidhani ni mambo ya dini, kwamba mimi Mwislamu sili cha Mkristo. Upuuzi. Samaki hachinjwi. Ilikuwa ni Bi Tausi aliyekaa kichwani mwangu. Agripina alikuwa anajibu, "Ego, mama," ndiyo yao hiyo, "kesho basi," anarudi na sahani yake. Na kesho anakuja tena.

Sasa kaeni sawa, maana hapa ndipo pananiuma.

Mwaka mmoja nilishikwa na malaria, ile ya kupanda kichwani. Shabani alikuwa ameshahamia Dar. Asubuhi Agripina aligonga, sikujibu. Akagonga tena. Akasukuma mlango. Mimi hata sikumbuki, nimesimuliwa na wengine. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akakaa nami hospitali siku nne, biashara yake ikasimama, na dagaa aliokuwa amewaanika walinyeshewa wakaoza. Alininywesha uji kwa kijiko. Ndicho kitu pekee cha Agripina nilichokula miaka yote hiyo, na nilikula sina fahamu.

Nilipopata nguvu, mnajua nilifanya nini? Nilimlipa uji. Nilihesabu sukari, nikahesabu unga, nikahesabu nauli, nikamwita chumbani nikampa noti mkononi. Nilifikiri nafanya haki. Nilifikiri, nisipomlipa, mwezi ujao nitamdaije kodi? Agripina alizitazama zile noti muda mrefu. Halafu akaziweka dirishani kwangu, taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Mama Shabani, uji hauna bei." Akatoka.

Jioni ile nilisema, leo haji. Akaja. Sahani, kawa, karibu tule. Nikasema nimeshakula. Wallahi, mdomo huu!

Baadaye Shabani akaja na fundi na karatasi zenye michoro. Mama, watu siku hizi hawataki kuchangia choo, hawataki ukumbi, wanataka chumba masta, mlango wake, mita yake, bafu lake ndani. Na alikuwa na haki. Hiyo ndiyo kazi ilivyobadilika, msibishane nayo. Mkiwa na choo kimoja uani leo hii, mtapangisha popo. Nikawapa wapangaji notisi ya miezi mitatu, maandishi, sahihi ya mwenyekiti, kila kitu kwa utaratibu. Agripina hakujua kusoma vizuri, nikamsomea. Akauliza, "Nyumba ikiisha nitarudi?" Nikamwambia kodi itakuwa mpya, akiiweza chumba ni chake. Wote wawili tulijua hataiweza.

Akaikunja ile karatasi. Kisha akasema, "Na asubuhi nani atakugongea?"

Nikamjibu, "Nina simu, Agripina."

Siku ya kuhama alifagia chumba, akafagia na ukumbi ambao kesho yake ulikuwa unabomolewa. Alinikabidhi ufunguo, akaniachia sahani yake mlangoni, imefunikwa. Hakusema karibu. Nilimpa fundi chakula kile, nikaiosha sahani nikaiweka kabatini. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, hata punje za chumvi utatia, hata ndimu mbili. Nami sikuwa na nia ya kutia kitu. Ikakaa.

Mafundi wakajenga. Tofali nene, dari la jipsamu, milango sita inayotazama nje, kila mmoja na geti lake la chuma. Chumba cha Agripina kikawa masta nambari mbili. Nyumba ilijaa kabla rangi haijakauka. Wapangaji safi, wastaarabu, kodi inaingia kwenye simu kabla sijaiuliza. Kesi hakuna. Soksi wapige pasi mpaka zichanike, kila mtu na mita yake. Na mimi nikawa napitisha siku tatu, nne, sijatamka neno ila kwenye swala. Nilikuwa nikisikia mlango umefungwa, nakimbilia dirishani nione ni nani, kama mtoto. Nani angenisemesha? Mimi ni mwenye nyumba. Ukitokea uani wanakatisha mazungumzo. Hilo lilikuwapo tangu zamani, ila zamani walikatisha nikiwapo, nikiondoka nawasikia juu ya ukuta wanaendelea, nami naendelea nao kitandani kwangu kimyakimya. Nilikuwa najua mtoto wa nani kafeli, mume wa nani kaoa. Sasa sijui hata majina ya baba zao.

Masika iliyopita niliteleza bafuni. Yale marumaru mazuri ya Shabani. Nilikuwa nimetawadha alfajiri, mguu ukakimbia, nikaanguka ubavu, mguu ukateguka. Sikuweza kuinuka. Simu iko kitandani. Nikachukua kopo nikagonga ukuta, ule wa chumba namba mbili. Mara mbili. Nikapumzika, nikagonga tena. Nilisikia bomba linafunguliwa upande wa pili, kumbe yupo mtu. Nikagonga kwa nguvu zangu zote. Bomba likafungwa, geti likalia, akaenda kazini.

Nililala pale mpaka baada ya adhuhuri. Nililia, siwafichi. Sikulia kwa maumivu. Nilikuwa nahesabu ni nani ataniona kwanza, nikakosa jina. Aliyeniokoa ni mwuza migebuka anayepita na beseni. Amezoea nikimwita, alipoona mlango kimya akachungulia dirishani akasikia kopo.

Yule wa chumba namba mbili anaitwa Editha, binti wa miaka kama ishirini na minne, anafanya kazi duka la dawa. Alikuja kunipa pole akiwa na machozi. "Bibi, nisamehe. Nilidhani ni fundi." Nikamwambia si kosa lake. Na si kosa lake. Nani alimfundisha kwamba ukuta unaweza kuwa na mtu?

Mguu ulipopona nilipika wali na mgebuka wa nazi, nikapakua kwenye sahani yenye maua mekundu, nikafunika kawa, nikapanda bajaji mpaka Bangwe. Nilikuwa nimesikia Agripina yuko huko. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi. Kodi sitaki. Namtoa mtu namba mbili, namwekea yeye kitanda. Agonge tu asubuhi.

Nikamkuta kwake. Kwake hasa! Amejenga chumba kimoja kimoja kwa pesa ya dagaa, vitatu, bati juu, hakuna dari. Yeye anakaa kimoja, viwili amepangisha. Wapangaji wake walikuwa wamekaa naye uani, mama mmoja na wanawe na kijana wa boti, wanazunguka sinia moja. Agripina aliniona, akasimama, akanikumbatia mpaka sahani ikataka kumwagika. "Mama Shabani! Karibu, karibu tule!"

Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Asante, nimeshakula."

Lo! Nilitamani kuurudisha. Nilisubiri anisihi. Hakunisihi. Miaka kumi na miwili ilimtosha. "Haya, mama," akasema kwa upole, akaipokea sahani akaiingiza ndani, akaninyooshea kigoda, akaketi kwenye sinia lake. Nikakaa pale na njaa yangu nawatazama wanakula. Yule mama mpangaji alikuwa akimwibia Agripina samaki, Agripina anampiga kidole, wanacheka. Nikawaza, huyu atamdaije kodi? Mwisho wa kula yule mama akafungua pindo la kanga, akampa kodi yake, bado mikono ina mawese.

Watu walipotawanyika nikamwambia haja yangu. Sikuzunguka. Nikamwambia nilianguka, nikagonga ukuta, nikamwambia ninaogopa kufa mlango umefungwa. Agripina alilia. Alinishika mikono yote miwili, mimi nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Mama Shabani, nikiondoka, hawa nani atawagongea?"

Nilipoinuka aliniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka na sahani yangu, yake, sijui tena ni ya nani. Ameshapakua ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, amefunika kawa. "Utakula ukifika."

Sikufika ndani. Niliteremka kwenye bajaji nikakaa hapa barazani, mchana kweupe, nikafunua nikala kwa mkono, mawese yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, watu wanapita wananishangaa. Ugali umeshapoa. Sijala chakula kitamu kama kile tangu nizaliwe, na nilikuwa nalia kwa hasira juu ya Bi Tausi, na juu yangu zaidi, kwa sababu Bi Tausi alisema tu. Mimi ndiye niliyetii.

Kabla sijamaliza, Editha akafika getini kwake, nyaya za muziki masikioni. Akachomoa mmoja. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu tule, mwanangu."

Akatabasamu, akarudisha waya sikioni. "Asante, bibi. Nimeshakula."

Nilijua pale pale kwamba anadanganya. Alikuwa kazini tangu asubuhi, midomo imemkauka, dirishani kwake sijasikia harufu ya chakula wiki nzima. Uongo ule ni wangu, naufahamu mpaka ukubwa wake wa kiatu.

Kwa hiyo, wanangu, ya ndoo yafuateni, ya mwenyekiti yafuateni, mita mgawe. Vyumba masta jengeni, hamna ujanja. Ila nikisema kuta nyembamba msinicheke. Na sasa mniache, jua linateremka, binti anatoka kazini saa hizi. Agripina alinikaribisha miaka kumi na miwili. Mimi kwa Editha leo ni siku ya tisa. Sahani nimeshaifunika, nasikiliza geti.